Programu ya blogu imeanza kudai malipo: nilipe au nihame?

Muulizaji, Arusha: Wakuu, blogu ya kampuni ya utalii hapa Sakina inaendeshwa na Movable Type, toleo la zamani la bure. Jipya linadai leseni ya kulipia. Waandishi ni wanne. Tunahamaje bila kupoteza makala?

Jibu, Moshi: Mkuu, hili si geni. Toleo la 3.0 la Movable Type lilipotoka mwaka 2004, lile la bure lilibanwa kwa mwandishi mmoja na blogu tatu. Wengi wakakimbilia WordPress, programu nyingine ya blogu yenye leseni ya GPL, yaani leseni ya programu huria. La zamani halitazimika, ila mianya yake ya usalama haizibwi tena.

Toa makala zote kama faili la maandishi, kisha kwenye WordPress fungua sehemu ya kuingiza data, chagua Movable Type. PHP, lugha inayoendesha WordPress, mipangilio yake isipoguswa hupokea faili la MB 2 tu, hapo ndipo wengi hukwama. Likizidi hapo, lipe jina mt-export.txt, liweke kwa FTP (njia ya kuhamishia mafaili kwenye seva) ndani ya folda ya WordPress iitwayo wp-content.

Jibu la mwingine, Arusha: Picha hazimo kwenye faili hilo! Nakili folda ya picha kwa njia ileile ya FTP, la sivyo makala zitabaki na matundu. Anwani za kurasa nazo hubadilika. Ziandikie 301 (agizo la kumpeleka msomaji moja kwa moja kwenye anwani mpya) kwenye .htaccess, faili la mipangilio ya seva, kabla ya kuzima la zamani.

Jibu, Moshi: Na mwonekano hauhami, violezo (mafaili ya muundo wa kurasa) mtaunda upya. Kama mliugharamia sana, pigeni hesabu kwanza; leseni yaweza kuwa nafuu kuliko fundi.