Kutoa stika za kiwandani kwenye tangi la pikipiki bila kuumiza rangi

MzeeMakambako

Wakuu habari za jioni. Nina Boxer BM 150 nyeusi, niliichukua mkononi kwa kijana aliyekuwa akiipigia bodaboda. Injini haina neno. Kinachonikera ni urembo wake: tangi lina mistari na maandishi, kava za ubavuni nazo zina manamba makubwamakubwa, utadhani kalenda ya duka. Mimi nataka pikipiki nyeusi tu, ya kwendea shamba na kanisani.

Stika ya kulia imeshalika pale goti linapogusa, pembe zimenyanyuka na vumbi limeingia chini. Asubuhi nimeivuta kwa kucha, ikawa inakatika vipandevipande. Nailoni ya juu imetoka, gundi imebaki tangini, imeshika vumbi na kuwa nyeusi. Suruali inanata nikiendesha. Fundi wa hapa jirani anasema lete thina, dakika mbili kazi imekwisha. Roho inasita. Nyie mnafanyaje?

kijiwe_cha_kona

Petroli mzee. Lowesha kitambaa, futa, imeisha hiyo. Tena iko humohumo tangini, dukani huendi 😂

DadaStika_Mwanza

Shikamoo mzee wangu. Kazi yangu ni kubandika stika kwenye bajaji na daladala, na anayebandika ndiye huyohuyo anayeitwa kubandua, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Thina mwachie fundi wako. Rangi ya kiwandani imeokwa, inaweza kuistahimili kidogo, lakini pikipiki ya mkononi hujui kama tangi halijawahi kupigwa rangi gereji. Ile ya gereji thina inaivua pamoja na gundi, unabaki na bati. Kava za ubavuni ndiyo usithubutu kabisa. Ni plastiki, na thina inaila hadi inafanya ukungu mweupe ambao hautoki kwa polishi yoyote.

Kabla hujagusa kitu, pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila stika, sehemu ambayo haijanyanyuka. Ukucha ukikwama, stika imebandikwa juu ya rangi na itatoka. Ukipanda kilima laini bila kukwama, imefunikwa na klia, yaani lile koti angavu linalopulizwa juu ya rangi, na hiyo haibanduki kwa joto wala dawa. Hiyo ni kazi ya msasa na kupuliza rangi upya, mpe fundi rangi au iache kama ilivyo. Usiulize watu aina ya pikipiki, ulize ukucha. Za tangi lako zimenyanyuka zenyewe, kwa hiyo ziko juu. Kava zipime peke yake.

Zilikatika kwa sababu ulivuta zikiwa baridi. Stika iliyopigwa na jua miaka imekauka, gundi ikiwa ngumu nailoni inashindwa kwanza. Joto linageuza mambo: gundi inalegea, nailoni inakuwa laini. Unataka tangi liwe la moto kiasi kwamba kiganja hakitulii juu yake, lakini hakiungui. Kisha anza kwenye pembe, na usivute kuelekea kwako. Ikunje stika ijilalie yenyewe mgongoni, ivute taratibu sambamba na bati. Ukienda hivyo utaona gundi inanyooka nyuzinyuzi kisha inaachia na kuondoka na nailoni. Ukiona imeanza kubaki kwenye tangi, simama, pasha tena. Ukiwa na haraka, kazi ya gundi itakuwa mara tatu.

Pa kunyanyulia tumia kadi ya benki iliyokwisha muda. Wembe na bisibisi weka mbali.

Kipande_cha_Msasa

Kadi ya benki sawa. Kuna jamaa kijiweni kwetu alitumia kitambulisho cha NIDA, sasa hivi picha yake haina pua.

MzeeMakambako

Marahaba mwanangu, nimekuelewa vizuri. Lakini hilo joto nalipata wapi? Mwezi huu wa saba huku kwetu jua la saa sita ni la kutazama tu, na draya ya nywele nyumbani kwangu haipo. Fundi kanishauri kiberiti cha gesi.

DadaStika_Mwanza

Kiberiti, juu ya tangi la petroli? Huyo fundi mkwepe, mzee wangu.

Hata draya nisingekupa moyo sana, labda uwe uwanjani kwenye upepo, mfuniko umefungwa na koki haivuji. Chupa ya chai inatosha. Chovya taulo kwenye maji ya moto, likamue kidogo, lilaze juu ya stika, lipoapo rudia, mpaka bati lishike joto. Kinga mfuniko. Maji yakipenya kwenye petroli utarudi hapa na swali la pikipiki kugoma kuwaka.

Kwa gundi iliyokwisha kubaki, usianze na petroli. Petroli inayeyusha gundi kweli, ila inakauka upesi kabla haijalainisha chini, unaishia kuisambaza tu. Paka mafuta ya kula, ya alizeti au yoyote, iache nusu saa, kisha isukume kwa dole gumba. Itajiviringa vijidonge vyeusi, viokote kwa seloteepu ya boksi, ukibandika na kubandua. Mabaki yanayosumbua malizia na mafuta ya taa kwenye fulana kuukuu. Halafu osha kwa sabuni ya vyombo mpaka maji yasijikusanye matone, maana mafuta yakibaki vumbi litarudi palepale.

Fundi_Kiboriloni

Naongeza mawili. Usibandue kila kitu kwa hasira. Ile stika ndogo ya upepo wa matairi karibu na mnyororo iache, utaihitaji. Na ukiamua kupiga rangi tangi lote, angalia rangi iliyoandikwa kwenye kadi ya TRA kabla hujachagua nyingine. Kubandua stika hakubadilishi kitu kwenye kadi.

MzeeMakambako

Upande wa kulia umetoka wote, chai tumekunywa na tangi limekunywa. Sasa naona kitu kingine: pale ilipokuwa stika ni nyeusi tii, pembeni yake ni nyeusi ya kuchoka. Maandishi yanasomeka bado! Nimesugua hayatoki.

DadaStika_Mwanza

Hiyo si gundi, ni jua. Chini ya stika rangi haikupata jua, pembeni imepauka. Usisugue pale palipo peusi, sugua palipopauka. Nunua kompaundi ya magari iliyo laini, ile dawa ya kusugulia rangi, fanyia kazi tangi zima kwa kitambaa laini, kwa mduara, mpaka kitambaa kianze kutoka na weusi. Hiyo ndiyo ngozi iliyochoka inaondoka. Kingo za tangi pitisha wepesi, rangi hapo ni nyembamba. Malizia na polishi. Kwa miaka mingi ya jua, kivuli kidogo kinaweza kubaki, utakiona wewe tu ukiinama pembeni.

Kava za ubavuni ziguse kwa kompaundi ikiwa tu zimepakwa rangi inayong'aa. Zikiwa plastiki nyeusi yenye uso wa kukwaruza, kompaundi itajaa vishimoni na kukauka nyeupe.