Kampuni imejaza kwenye ramani ya intaneti ya FCC (tume ya mawasiliano ya Marekani) kwamba ina faiba kwangu, nikipiga simu wanasema hawafiki

Mchagga_wa_Iowa:
Wakuu, heshima kwenu. Niko kijijini huku Iowa, mahindi kila upande. Nyumba imeingia ndani kama mita 300 kutoka barabarani. Nikitafuta anwani yangu kwenye ramani ya FCC, kitone kimekaa palepale juu ya paa langu, na kampuni moja imeandikisha kwamba inanipa faiba ya Mbps 1000. Nikiwapigia, wanataka nilipie kwanza mtaro kutoka barabarani, maelfu ya dola. Watoto wanafanya homuweki kwa hotspoti ya simu. Nimepima spidi mara nyingi tu, hizo picha zitanisaidia?

binti_ramani:
Kaka, pole. Hizo za spidi weka kando, hazihesabiki kwenye kupinga madai ya kampuni kuhusu huduma ya nyumbani. Kitone chako kiko sawa, tatizo ni madai yaliyobandikwa juu yake. Ramani inajua nyumba ilipo, ila nani anaihudumia ni kampuni zenyewe zinajaza, mara mbili kwa mwaka. Na sheria iko wazi: kusema "tunatoa" maana yake wanaweza kukuunganishia huduma ndani ya siku 10 za kazi kwa gharama ya kawaida. Mtaro wa maelfu si gharama ya kawaida! Bofya nyumba yako, fungua pingamizi dhidi ya hiyo kampuni, chagua sababu ya kudaiwa zaidi ya ada ya kawaida. Wana siku 60 za kujibu.

Mzee Kobe:
Mshukuru Mungu una kitone, kijana. Kabla ya Novemba 2022 walikuwa wanahesabu kwa vipande vya sensa, yaani maeneo madogo yanayotumika kuhesabia watu. Jirani mmoja akiwa na huduma, kipande kizima kimehudumiwa, hata kama wewe uko kilomita kadhaa porini. Tulikuwa hatuna hata pa kulalamikia. Na usipuuze, zile dola bilioni 42.45 za BEAD, mpango wa serikali kuu wa kufikisha intaneti kusikofikiwa, ziligawiwa majimbo kwa kufuata hivyo vitone.

Mchagga_wa_Iowa:
Shukrani sana. Ila mambo yote ya mtaro waliniambia kwa simu, sina karatasi.

binti_ramani:
Waandikie barua pepe leo uombe kuunganishiwa huduma, wakutajie bei kwa maandishi. Wakijibu, piga skrinshoti, ambatisha.