Baba ana miaka 77, kansa ya koo la chakula, dokta anasema oparesheni inawezekana ila ni nzito. Mliamuaje kwenu?

mrombo_halisi

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo maana familia imegawanyika na sitaki tuje kulaumiana baadaye. Baba alianza kulalamika chakula kinakwama, mwanzoni ugali na nyama tu, akawa anasukumia na maji, tukajua ni vidonda vya tumbo na dawa zake akapewa, sasa hivi kinachopita ni uji, maziwa na mtori uliosagwa mpaka ukawa maji. Kakonda mno. Wakamfanyia endoskopi, ile kamera ya kupitishia mdomoni, wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakaja kansa ya umio, yaani hilo koo la chakula. CT skani inaonyesha haijafika kwenye ini wala mapafu.

Mpasuaji akatuambia inawezekana kuitoa ila ni oparesheni kubwa, wanafungua kifua na tumbo, akitoka hapo ni ICU, na kwa umri wake hatari ni kubwa, "mkaongee kama familia". Basi, tukatoka. Sasa bro mkubwa yupo Dar na ndiye mwenye hela, anasema apasuliwe haraka, hawezi kukaa aangalie baba anakufa na njaa. Mama hataki kusikia habari ya kisu. Dada anasema mzee asiambiwe kabisa kuwa ni kansa, atakata tamaa. Na mzee mwenyewe nikimuuliza anasema "nyie ndio mmesoma, mtakachoamua sawa". Ana presha anameza dawa, sigara aliacha zamani, na mpaka juzijuzi alikuwa anashuka kwenye migomba mwenyewe na fimbo yake. Kuna daktari mwingine kagusia kitu kinaitwa stenti. Mliopitia hii, mlifanyaje?

nesi_wa_wodi

Pole sana ndugu yangu. Nimekaa wodi ya upasuaji muda mrefu, acha nikwambie ambacho huwa hakisemwi pale mezani. Oparesheni ya umio wanatoa sehemu kubwa ya hilo bomba halafu tumbo linavutwa juu kifuani linaunganishwa na kipande kilichobaki. Yale maungio ndiyo yanayotunyima usingizi, yakivuja uchafu unaingia kifuani na hapo mgonjwa anaweza kurudi theatre. La pili ni nimonia, kwa sababu mzee ana kidonda cha kifua, akikohoa kinauma, basi hakohoi, makohozi yanakaa. La tatu wazee wengi wanachanganyikiwa siku za mwanzo, anakuita jina la marehemu, anavuta mipira, usiku halali. Mara nyingi inaisha, ila wapo ambao akili hairudi vile ilivyokuwa. Na hata ikienda vizuri kabisa, kula hakutakuwa kama zamani, ni kidogo kidogo mara nyingi kwa siku na kulala umeinua kichwa. Sisemi asipasuliwe. Nasema "ni nzito" peke yake haitoshi kuamulia, rudini mkaulize hayo yote kwa huyu mzee wenu na si kwa wazee kwa ujumla.

Na hilo la kumficha, samahani dada yako asinielewe vibaya, lakini mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetakiwa kusaini ile fomu ya ridhaa. Atasainije kitu asichokijua? Halafu wazee wanajua. Mtu ambaye mtori haupiti unadhani anafikiri ana mafua?

kijana_bomet

Pole sana bro. Niko Bomet huku Kenya, na huu ugonjwa kwetu South Rift ni mwingi ajabu, karibu kila boma linajua mtu. Kwanza stenti ni nini: ni kibomba cha nyavu za chuma kinachoingizwa kwa mdomo kikiwa kimekunjwa, kikifika pale palipoziba kinafunguka chenyewe kinasukuma uvimbe pembeni chakula kipite. Hakuna kupasuliwa. Hapa hospitali ya Tenwek wameziweka miaka mingi sana, guka yangu aliwekewa na akarudi kula chakula laini nyumbani. Lakini lazima niseme ukweli wote, haiponyi kansa. Inafungua njia tu. Inaweza kuziba na kipande cha nyama, inaweza kusogea, na ikiwekwa chini kabisa karibu na tumbo asidi inapanda usiku. Guka kifua kilimuuma siku za kwanza akapewa dawa.

By the way kwa wengine mnaosoma, punguzeni hii chai ya kuchoma ulimi. Lile shirika la utafiti wa kansa la WHO, IARC, mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa ya umio. Ngoja ipoe.

mama_wawili_tanga

Mimi nitaongea kwa uchungu kidogo mnivumilie. Mama yangu alikuwa na miaka 80, yake ilikuwa utumbo mkubwa, sio umio. Tuliulizwa "mnataka tufanye kila kitu?" sasa mtoto gani atajibu hapana?? Tukasema ndiyo. Hakuna aliyetueleza hicho kila kitu ni nini, akapasuliwa akatoka na mashine ya kupumulia na hakuamka tena vizuri, wiki zile zote tulikuwa tunamwona kwa zamu kupitia mlango, na mimi mpaka leo sijui mama mwenyewe angetaka nini maana hakuna aliyemuuliza, si daktari si nani. Ninachokuomba, kabla ya kuongelea hela na hospitali, kaa na baba yako peke yenu mkiwa mmetulia. Usimuulize "upasuliwe au usipasuliwe", atakurudishia mpira kama alivyofanya. Muulize kitu gani hataki kabisa kukikosa, na kitu gani kikitokea ataona bora asingeenda hospitali.

mrombo_halisi

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili. Mama wawili pole mno dada yangu. Swali jingine, bro anasema yeye ndiye anayetoa pesa kwa hiyo neno lake ndio la mwisho, na ukoo unamsikiliza. Hili mnalipelekaje? Na kuna njia nyingine kati ya kisu na stenti?

dkt_zamu_ya_usiku

Ndugu, mimi ni daktari ila sio wa baba yako, kwa hiyo chukua haya kama maswali ya kwenda nayo.

Njia nyingine ipo. Kama majibu ya kinyama yanasema ni ile aina ya seli bapa, ambayo ndiyo nyingi Afrika Mashariki, mionzi pamoja na kemo (dawa kali za kuua kansa) bila kisu inaweza kutolewa kwa nia ya kuponya na sio kutuliza tu. Nayo inachosha mwili, na mzee aliyekonda hivyo inabidi apimwe kama ataihimili. Ipo pia mionzi ya kozi fupi ya kupunguza uvimbe ili ameze. Ulizeni muonane na daktari wa mionzi kabla hamjaamua chochote. Halafu kuhusu stenti, msikimbilie kuiweka kama bado mnafikiria oparesheni, inaweza kumwekea mpasuaji ugumu, wakati wa kusubiri kuna mrija wa chakula wa tumboni. Na lishe ianze SASA kwa vyovyote vile, maziwa, mayai kwenye uji, karanga zilizosagwa laini, maana mwili uliokonda ndio unaoshindwa kufunga maungio.

Kuhusu kuelewa hatari. Kuna mpasuaji wa Chuo Kikuu cha Wisconsin Marekani, Margaret Schwarze, yeye na wenzake wana njia ya kuchora ambayo naipenda sana na haihitaji chochote zaidi ya karatasi na kalamu. Kwa kila tiba unachora mstari wa kusimama, juu unaweka nyota, hapo daktari anasimulia mambo yakienda vizuri kabisa yatakuwaje, chini kiboksi, yakienda vibaya kabisa, halafu katikati anaweka duara pale anapodhani baba yako ataangukia kweli. Mstari mmoja wa oparesheni, mwingine wa stenti au mionzi, ubavu kwa ubavu. Muombe daktari wenu awachoree, na asimulie maisha, sio asilimia tu: wiki za kwanza atakuwa wapi, atatembea lini, nani atamwogesha, atakula nini. Ukiona hata nyota ya oparesheni iko mbali na kile mzee anachokitaka, hapo mmeshapata jibu kubwa.

Umri wenyewe usiwatishe sana. Tunachoangalia ni wepesi wa mwili. Kuna kipimo cha Rockwood wa Kanada, 1 mpaka 9, moja ni mzee mkakamavu, tisa ni aliye mwishoni mwa maisha. Mzee aliyekuwa anashuka shambani peke yake juzi si sawa na wa umri huohuo anayeinuliwa kitandani, ila kukonda huku kunaweza kuwa kumeshambadilisha. Mwambie ainuke kwenye kiti bila kushikwa, atembee mita 3, ageuke arudi akae, umuangalie.

Kuhusu bro, hela yake ni msaada mkubwa na ana uchungu wa baba yake, usimfanye adui. Mpeleke naye kliniki aone ile michoro kwa macho yake. Anayelipa analipia uamuzi wa mgonjwa.

shangazi_wa_arusha

Mi naweka upande wa pili jamani maana naona watu wanaogopa kisu tu. Mjomba wangu alikuwa na zaidi ya miaka sabini, alipewa kemo na mionzi kwanza halafu akapasuliwa umio, alikaa ICU, sauti ikakauka muda mrefu, tulilia. Yupo. Anakula kibakuli kidogo kila baada ya muda na akizidisha anatoka jasho mpaka alale. Yeye mwenyewe alisema kabla, nipasueni, nikifa nimekufa nikijaribu. Alikuwa anajua kila kitu.

mrombo_halisi

Nimerudi wadau. Jana nilikaa na mzee kibarazani, nikamwambia ukweli. Hakushtuka, akasema alijua siku nyama iliposhindwa kupita. Nikamuuliza kama mama wawili alivyosema. Akaniambia mambo mawili, anataka Desemba wajukuu wote wakija awepo amekaa nyumbani, sio kitandani hospitali, na anataka agawe kihamba (shamba letu la ukoo) mwenyewe kwa mdomo wake akili ikiwa timamu. Halafu akauliza, "nikipasuliwa, narudi lini hapa?" Sikuwa na jibu. Bro nimempigia, alikaa kimya muda, anakuja Ijumaa twende wote kliniki na mzee akiwemo ndani.

nesi_wa_wodi

Vizuri sana. Hilo swali la "narudi lini" aulize mwenyewe kwa mdomo wake, na mumwambie daktari habari ya kihamba wazi kabisa, ajue kuchanganyikiwa baada ya dawa ya usingizi ya oparesheni kwake ni hasara kubwa kuliko kwa mwingine. Kihamba agawe kabla ya tiba yoyote, mashahidi wawepo na iandikwe. Mkichagua kisu, ulizeni mapema mambo yakiharibika ICU mashine ziendelee mpaka wapi na nani atamsemea, mzee amtaje huyo mtu wote mkisikia. Mkichagua stenti, nyama na mkate wa kunata asile, atafune sana, anywe maji ya uvuguvugu baada ya kila mlo. Na vyovyote mtakavyochagua ulizeni kitengo cha tiba shufaa siku hiyohiyo, wale wanashughulikia maumivu na kumeza hata kwa mtu anayeendelea na matibabu, msisubiri mpaka azidiwe. Nendeni na karatasi na kalamu.