Klabu ya baiskeli inatangaza "hakuna anayeachwa", halafu inaacha watu Kerege

Wakuu, habari za jioni.

Naandika hasira zikiwa bado za moto, na sitaki zipoe kwanza, maana zikipoa huwa tunaishia kutumiana emoji za kucheka kwenye kundi la WhatsApp na wikiendi inayofuata mambo ni yaleyale.

Klabu siitaji jina. Viongozi wake wamo humu, wanajijua.

Safari ya jana Jumapili ilitangazwa hivi: Mwenge hadi Bagamoyo na kurudi, ada 25,000 ikiwa na maji, ndizi na gari la msaada, mwendo wa kilomita 22 hadi 25 kwa saa, wageni karibuni sana, hakuna anayeachwa. Kuondoka saa 12 kamili asubuhi.

Tuliondoka saa 1 na dakika 20. Kiongozi wa msafara alikuwa hajafika, na alipofika ikabidi zipigwe picha kwanza, halafu droni ikapaishwa ituchukue kutoka juu. Asiyepanda baiskeli ataona hilo ni jambo dogo. Lakini ukiondoka saa 12 unapita Tegeta malori ya saruji ya pale Wazo hayajaanza fujo. Ukichelewa unagombea ukingo wa lami na malori, bajaji, na daladala zinazochomekea kituoni bila kuonyesha taa. Na jua la kurudi nalo unalibeba lote.

Haya, hilo nalisamehe. Ninaloshindwa kulisamehe ni lililofuata.

Mpaka Tegeta tulikwenda vizuri. Tulipovuka Boko wale jamaa wa mbele wakaanza mambo yao. Mnawajua: fremu za kaboni, jezi za kubana, na tangu Mashindano ya Dunia ya baiskeli yafanyike Kigali mwaka 2025 kila mmoja wao ni Pogačar, yule bingwa aliyeshinda pale. Mwendo ukapanda hadi 32. Mtu wa mkia, yule aliyevalishwa kizibao cha kuakisi akapigiwa makofi kwamba ndiye mlinzi wetu, akatupita Bunju akisema mwendo wa nyuma unamuumiza miguu. Sijamwona tena hadi Bagamoyo, anakula chipsi.

Kwa wasiojua tatizo liko wapi, nieleze kidogo. Kwenye baiskeli adui mkubwa ni upepo. Ukikaa nyuma ya gurudumu la mwenzako anakukingia, unaokoa karibu robo hadi theluthi ya nguvu zako. Ukiachwa hata mita kumi, kinga imekwisha, unapasua hewa peke yako. Na nguvu ya kupasua hewa haipandi sawasawa na mwendo: kutoka 25 kwenda 32 inataka zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mgeni akishapoteza gurudumu la mbele, kumwambia "kaza, tufikie" ni maneno matupu. Hawezi, na kila dakika anavyojaribu ndivyo anavyozidi kuisha.

Halafu kuna matuta. Barabara ya Bagamoyo ina matuta kila penye shule na kila penye soko. Wa mbele akishavuka tuta anakanyaga, wakati wa nyuma bado kashika breki. Msafara unavutika kama mpira wa manati, na anayelipia ni wa mwisho, tuta baada ya tuta. Dawa yake inajulikana na haina gharama: wa mbele akivuka anakwenda polepole mpaka asikie sauti kutoka nyuma kwamba wote wamevuka. Kupaza sauti tu! Nimelisema hili kwenye kundi mara nyingi, nikajibiwa "mkuu unaleta nadharia".

Sasa Kerege. Dada mmoja, mgeni, safari yake ya kwanza, anaendesha baiskeli aliyokodishwa na klabu yenyewe kwa hela ya ziada, akapata pancha. Tulikuwa tumebaki watatu nyuma: yeye, mimi, na mzee wetu mmoja mstaafu ambaye anaendesha taratibu kwa hiari yake na hana ugomvi na mtu. Baiskeli haina tyubu ya akiba wala pampu. Nikapiga simu kwa kiongozi, inaita tu. Nikampigia dereva wa gari la msaada, akapokea. Mnajua lilikuwa wapi? Mbele kabisa, limebeba mpiga picha, buti limefunguliwa, wanawarekodi wale sita wa kaboni wakipokezana uongozi. Dereva akaniambia hawezi kugeuza mpaka aruhusiwe.

Tukaburuza baiskeli hadi kwa fundi wa bodaboda. Kijana mwema, kapiga kiraka safi. Kwenye kujaza upepo tukakwama, maana zile tyubu zina vali nyembamba, ya baiskeli za mashindano, na pampu za mafundi wetu ni za vali nene ya pikipiki na gari. Kuna kikonekta kidogo cha shaba unakifunga juu ya vali, kazi inaisha. Ni kitu cha bei ndogo mno. Klabu inayokodisha baiskeli kwa wageni na kuwapeleka zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini imeshindwa kukifunga hicho kidude kwenye kila baiskeli. Pesa ya droni ipo.

Dada akarudi mjini kwa kirikuu iliyokuwa na mzigo wa mananasi, kaketi mbele na dereva, baiskeli juu ya mananasi. Katoa 30,000 mfukoni mwake. Kwa hiyo kalipa ada, kalipa kukodi, kalipa na kirikuu, na Bagamoyo hakuiona.

Mimi na mzee tuliendelea. Tulipofika kundi lilikuwa limeshakula na linavaa kofia ngumu kuanza kurudi. Maji yamekwisha. Ndizi zimebaki maganda. Na huu ni Agosti, wakuu. Kusi linavuma. Ukitoka Bagamoyo kurudi Dar unalipokea usoni njia nzima, Kiromo, Zinga, Mapinga, hadi unavuka Mto Mpiji. Siku ambayo watu wanatakiwa kubana pamoja na kupokezana kukinga upepo ndiyo siku wale sita waliondoka zao tena, wakaacha mzee wa watu anapigana na kusi saa 6 mchana. Nilimkingia mimi mpaka Bunju. Hajalalamika hata neno, na ndicho kinachonikera zaidi, kwamba watu waungwana ndio wanaotumika hivi.

Jioni nikauliza kwenye kundi. Jibu la kiongozi nalinukuu lilivyo: "Baiskeli ni mchezo wa wanaume, barabara haina huruma, mazoezi ndiyo jibu." Wakapiga dole gumba.

Sikiliza kaka. Hata hao mabingwa unaowaiga, mbio zao zina gari linalotembea nyuma kabisa kuokota walioshindwa. Na ndani ya timu kuna watu ambao kazi yao ni kumsubiri mwenzao akipata pancha na kumrudisha kundini. Umeiga miwani tu.

Kwenda kasi sikatai. Tengenezeni safari ya wenye kasi, muondoke hata saa 11 alfajiri, mkimbizane mpaka Msata mkitaka, hakuna atakayewauliza. Ila ukiandika 22 hadi 25 na ukala hela ya mgeni kwa ahadi hiyo, wewe si mwanamichezo tena, ni mfanyabiashara aliyeuza kitu ambacho hana.

Ninachotaka: dada arudishiwe ada, kodi ya baiskeli na 30,000 ya kirikuu. Gari la msaada likae nyuma ya mtu wa mwisho, mpiga picha apande bodaboda. Mtu wa mkia akiondoka mkiani atangazwe kwa jina palepale, na asipewe tena kizibao. Basi.

Wengine mliowahi kuachwa na klabu yoyote, Dar, Arusha, Mwanza, hata Nairobi huko, tiririkeni.

NYONGEZA, saa 4 usiku: Nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp, bila maelezo. Hela hazijarudi. Mnaonifuata PM kubahatisha jina la klabu, sitajibu. Kuna kiongozi mmoja kaandika huko chini kwamba dada "kaondoka na mali ya klabu". Dada kausoma uzi na kanituma niwajibu: baiskeli yenu iko barazani kwake, tairi limelala vilevile lilivyokuwa Kerege, njooni na pampu yenu muichukue.