Ushauri: Modeli yangu ya plazma ya klorini na msimamizi asiyeridhika

Kijana wa Maweni, Malindi: Asalaam alaykum, ndugu zangu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu kemia ya plazma ya klorini, yaani gesi ya klorini iliyopigwa umeme hadi ikatoa elektroni na ioni, katika shinikizo la paskali 1 hivi, ile inayochonga silikoni ya chipu za kompyuta. Modeli yangu ya kompyuta ilikuwa ikitoa atomu nyingi mno na ioni hasi (atomu zilizonasa elektroni ya ziada) chache mno kuliko vipimo vilivyochapishwa. Sasa inalingana navyo, lakini msimamizi hajaridhika, nami silali. Je, niongeze mimenyuko?

Mzee wa Langoni, Lamu: Mwanangu, plazma siijui, ila klorini tumeishi nayo. Tulipokuwa tukitia dawa kwenye maji ya msikiti, tangi la chuma lenye kutu liliimaliza upesi kuliko la plastiki, kipimo kikiwa kilekile. Jambo la haraka halina baraka. Mrudie msimamizi wako kwa adabu umsikilize.

Binti Mkomani: Mzee ameligusa lenyewe. Katika shinikizo dogo hivyo, atomu za klorini huungana tena kuwa molekuli kwenye ukuta wa chombo zaidi kuliko ndani ya gesi, kwa hiyo uwezekano wa kuungana hapo ndio unaoamua molekuli ngapi zibaki, na ioni hasi huzaliwa na molekuli hizo. Kaka, umeuweka ngapi, na kwa ukuta gani?

Kijana wa Maweni: Nilianza na thamani ya kioo cha kwatzi.

Binti Mkomani: Na chombo kilichopimwa?

Kijana wa Maweni: Cha chuma cha pua. Basi niseme ukweli: niliibadilisha thamani hiyo kwa kila shinikizo hadi mstari wa modeli ukakutana na wa vipimo. Lakini ukuta wenyewe hubadilika, kwani hupata utando wa silikoni, oksijeni na klorini, na sura ya matokeo nimekwisha kuiandika.

Msomaji wa Mambrui: Nina shaka na kisa hiki. Plazma ya klorini Malindi inawashwa wapi? Kama ni kweli, tueleze kwa nini elektroni ya polepole kabisa huweza kuvunja molekuli ya klorini.

Kijana wa Maweni: Siwashi chochote, bwana, nina kompyuta na milinganyo tu. Kuvunja kifungo cha molekuli kunahitaji nishati ya elektronivolti 2.5, na atomu ikinasa elektroni hutoa 3.6, hivyo deni limelipwa kabla ya elektroni kuleta nguvu yake.

Msomaji wa Mambrui: Nimeridhika, uniwie radhi.

Binti Mkomani: Hoja ya utando ni ya kweli, ila haikupi ruhusa ya kuchagua namba kwa kila nukta, kwa sababu vipimo ulivyovitumia kurekebishia haviwezi tena kuwa shahidi wako. Ufungamanishe uwezekano huo na uwiano wa atomu kwa molekuli, urekebishe kwa nusu ya vipimo, kisha ujipime kwa nusu iliyobaki. Halijoto ya gesi je?

Kijana wa Maweni: Kelvini 300 kote.

Binti Mkomani: Ikifika 900 kwa shinikizo lilelile, msongamano wa gesi hushuka hadi theluthi. Anzia hapo.

Kijana wa Maweni: Sura nitaiandika upya. Leo usiku ninaingiza mlinganyo wa joto, na vipimo vya paskali 2 kwenda juu nimeviweka kando vya kujipimia.