Kwa nini usonji unajulikana mtoto akishakuwa mkubwa?

Mama Nasra (Tabata): Mtoto wa mdogo wangu alikuwa hageuki akiitwa, hanyooshi kidole kuonyesha anachotaka, kutwa anapanga vizibo vya soda mstari mmoja. Kliniki wakapima uzito, wakasema anaendelea vizuri. Nyumbani tukaambiwa wa kiume huchelewa kusema. Jibu kwamba ni usonji (autism) limepatikana ana miaka mitano. Tatizo liko wapi?

Kibo77: Kwa wazazi. Mnawaachia simu tangu asubuhi, mtoto analelewa na katuni, mkishtuka mnatafuta ugonjwa.

Mama Nasra: Kaka, nyumba ile haina hata televisheni.

Dada Pili: Kibo umenichoma. Marekani zamani kuna wataalamu walidai usonji unaletwa na mama asiye na upendo, ikaja kubainika ni uongo. Na wewe umekuja na lawama ile ile.

Kibo77: Basi mbona zamani hawakuwepo? Nimekulia Temeke, sikumwona hata mmoja.

Mzee wa Keko: Walikuwepo, mwanangu. Mtaani kwetu kuna kijana alikuwa akiitwa bubu, na adhana anaijua neno kwa neno. Wageni wakija anafungiwa chumba cha uani. Ungemwonea wapi?

Kibo77: Shikamoo mzee. Sawa, na chanjo je? Kuna daktari wa Uingereza alithibitisha zinaleta usonji.

Nesi Mbagala: Hakuthibitisha chochote. Huyo ni Wakefield, 1998. Jarida la kitabibu la Lancet liliifuta makala yake 2010 na mwenyewe akafutiwa usajili. Tafadhali msiwatishe akina mama! Dozi ya pili ya surua-rubela ni miezi 18, umri ambao dalili nyingi zimeshaanza kuonekana. Mtoto yuko mbele yangu, ila foleni imefika getini: nachoma, napima, aje mwingine. Kuuliza kama anageuka akiitwa hakuna nafasi.

Baba Juni: Ukishauliza utampeleka wapi? Hospitali ya Muhimbili, nauli na kibarua siku nzima kimepotea. Sisi mama yangu alimpeleka mke wangu kwa mganga Bagamoyo kwanza, tukaambiwa mtoto amechezewa.

Dada Pili: Mama yako alimpeleka mke wako. Wewe ulikuwa wapi?

Baba Juni: Kazini, dada. Nani alilipa huyo mganga?

Dada Pili: Ndiyo akina baba hao. Kliniki hamfiki, kulaumu mnafika.

Kibo77: Nesi, asiyegeuka si huenda hasikii tu?

Nesi Mbagala: Huenda. Ndiyo maana masikio nayo yapimwe mapema, asisubiri kwanza aongee.