Kijana wa form two kila nikimbana ndio anazidi kushuka, nifanyeje?

Baba Kulwa wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nina kijana form two shule ya kutwa, mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa. Mimi sio mzazi wa kutuma mtu kikao cha wazazi, naenda mwenyewe, tuisheni nalipa, madaftari nakagua, simu hana, mpira nimefuta na akipata chini ya hamsini fimbo ipo. Form one alikuwa anacheza kwenye sabini, sasa hesabu kaleta 22 na nikimuuliza ni "ndio baba, hapana baba" basi. Mama yake anasema nimembana mno, mimi naona huku uswahilini ukilegeza tu ni kubeti na vijiwe. Nibane zaidi au nimpeleke bodingi? Wenye watoto wakubwa mniambie.

Kiroboto: Bodingi sio gereji mkuu, kwamba unamwacha wakamfunge spea mpya 😂

Mwl Chaki: Nafundisha hesabu. Hiyo 22 kaangalie karatasi yenyewe, wengi form two wanakwama kwenye aljebra, sasa mtoto anayejua akikosea anachapwa haulizi swali darasani, anakopi kwa jirani, wewe ukikagua daftari unakuta vema tupu na kichwani hamna kitu. Kaa naye afanye swali moja huku anakuelezea. Kama hesabu huzijui ndio vizuri, akufundishe.

Mzee wa Gongo la Mboto: Acheni hizo, sisi tumechapwa na tumefika chuo.

Dada Saiko: Mzee wangu shikamoo, ila uliosoma nao wakachapwa wakaishia njiani hawapo humu kuchangia. Halafu mnachanganya kufuatilia na namna ya kufuatilia. Marekani 1987 mtafiti Dornbusch na wenzake waliangalia wanafunzi zaidi ya 7,000 wa sekondari maeneo ya San Francisco, wenye wazazi wa amri tu na wenye wazazi wa kuachia wote maksi zilielekea kuwa chini, waliokuwa juu ni wa wazazi wenye sheria lakini wanaongea na mtoto na kumsikiliza. Kwa wenye asili ya Asia haikukaa sawasawa hivyo, na inawezekana pia mtoto anaanza kufeli ndio mzazi anakuwa mkali. Mtafiti mwingine, Steinberg, 1992 akaona mzazi kufuatilia shule kunasaidia zaidi nyumba ikiwa ya hao wa kusikiliza, kwenye nyumba ya amri faida inapungua. Kwa hiyo baba Kulwa vikao usiache, sheria za usiku usiache, ila mpira unamkosea nini?

Mama Zai: Na amri ya simu mpangeni naye muda, akiipangia mwenyewe ataiheshimu kidogo. Kidogo lakini 😅

Baba Kulwa wa Mbagala: Mpira jumamosi ntamrudishia, fimbo naiweka pembeni kwanza hadi tesiti ijayo. Mwl sasa nikimwambia anifundishe si atanicheka?

Mwl Chaki: Atacheka ndio, mwache. Anzeni na kufungua mabano. Na hapo tuisheni kaulize wanakaa wangapi, wakijaa kama daladala za asubuhi hela yako bora ununulie karatasi za mitihani iliyopita.